Saa Mbili za Bibi Enea

Kumwamsha mtu ni kazi ya kusomea. Mimi niliisomea wiki sita na nikapewa cheti. Ukicheka sikulaumu, maana mama yangu mzazi alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Alisema mtoto aliyekuwa haamki mpaka amwagiwe kata ya maji baridi, leo amepewa cheti cha kuamsha watu wazima. Jina langu Tusekile, nyumbani Tuse. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayana haja ya kuzungumzwa hapa, na kipaji changu pekee kilichothibitishwa na walimu wote ni mdomo.

Jumba la Kizingiti liko juu ya mji wa Tukuyu, pale mashamba ya chai yanapokwisha na barabara inapoanza kupanda kuingia msituni. Wanaoishi humo ni vichwa vya nchi hii: watunzi, wavumbuzi, watu ambao hata mtoto wa darasa la pili anawajua kwa majina. Waliletwa kwa barua nzuri yenye muhuri. Chini ya barua palikuwa na mahali pa kusaini kukubali. Mahali pa kukataa, nadhani mchapaji alisahau.

Mwalimu wetu wa mafunzo alichora ngazi ubaoni. Juu kabisa, mtu yuko macho. Chini kabisa, amelala fofofo, hata ukimbeba hajui. Kidato cha kwanza cha kushukia ndicho kizingiti: mwili umeshalegea lakini akili haijafunga, na mawazo yanatembeatembea humo kama kuku ndani ya nyumba isiyo na mtu. Alisema wenye vipaji wamekuwa wakidokoa vitu pale tangu zamani. Kuna wa nchi za mbali waliokuwa wakisinzia kwenye kiti wameshika kitu kizito, ili kikianguka kiwashtue kabla wazo halijapotea. Na sisi tunao wetu. Mzee Ambwene Kajuni, mtunzi wa nyimbo za kwaya, alizoea kulala ameketi, miguu ndani ya beseni la maji ya baridi. Bwana Rweikiza, mwanahisabati wa Bukoba, alilala mara sita kwa siku, robo saa robo saa, na punje ya kahawa chini ya ulimi. Bi. Mshindo wa madaraja alilala chini ya meza yake ya kuchorea, na viatu vyake miguuni.

Mwanzoni Jumba lilidhani siri iko kwenye beseni. Likawaweka watu kumi na wanne miguu majini. Zilipatikana homa kumi na nne za mapafu na wimbo mmoja, mbovu.

Ndipo wakatengeneza utepe. Utepe unafungwa kwenye paji la uso la msinziaji, na mwamshaji anavaa bangili. Msinziaji akifika kizingitini, bangili inatetemeka, na hapo una sekunde nane. Unamgusa bega, unauliza, "Umekuta nini?", unaandika neno kwa neno na saa pembeni, unamlaza tena. Mara thelathini kwa siku. Ukichelewa anatumbukia kule chini, na usingizi wa kule chini Jumba lilikuwa na jina lake: makapi. Makapi yanapepetwa yanatupwa. Usiku waliruhusiwa saa tatu za makapi, kwa sindano, ili wasife.

Hawakufa. Mzee Kajuni mwaka wa kwanza alileta nyimbo arobaini, mwaka wa tatu akawa anasalimia viti. Bwana Rweikiza alihesabu mpaka saba, akaanza tena moja. Sasa, kwetu Rungwe tukikutana na mkubwa tunamwamkia "Mugonile", yaani, mmelala? Jumbani salamu hiyo ilipigwa marufuku kwa tangazo, baada ya mfagizi mmoja kumwamkia Mzee Kajuni na mzee akalia kuanzia saa tatu asubuhi mpaka wakati wa chakula.

Mimi nilipewa chumba namba sita. Bibi Enea Mwakibete.

*

Huyu bibi, kama umekula maharage miaka thelathini hii, umekula kazi yake. Maharage ya Enea, yale mekundu yenye doa jeupe, yaliyokataa kufa kwa ugonjwa wa kutu wakati mengine yote yalikuwa yanakauka shambani. Aliyapata bila maabara. Alikuwa na mazoea yake: akishakula mchana anatandika mkeka ghalani, juu ya magunia, anaitoa miguu nje ya mlango ipigwe na jua, analala saa mbili. Akiamka anajua la kufanya. Wanawe walijua kwamba nyumba ikiungua saa nane mchana, uokoe nyumba, bibi umwache.

Jumba lilimpima likasema bibi anajidanganya. Wazo, walisema, linakuja katika dakika nne za mwanzo, saa moja na dakika hamsini na sita zilizobaki ni makapi tu. Wakazikata.

Na safari hii walimhitaji kweli. Viazi vilikuwa vimeingiwa na ugonjwa wa maziwa. Kiazi unakiona kizima, ngozi nzuri, ukikikata kinamwagika cheupe na harufu ya kidonda. Misimu miwili ilishakwenda hivyo, Isongole yote na vijiji vya juu. Watu walikuwa wamefika mahali pa kula majani ya maboga asubuhi na kuyasifia jioni. Kila nyumba iliagizwa kutunza debe moja la mbegu iliyosalia, isiguswe, mpaka dawa ipatikane. Debe la mama yangu lilikuwa chini ya kitanda chake, limefunikwa na kanga yake ya sherehe.

Miezi mitano nilimwamsha Bibi Enea na miezi mitano hakukuta kitu. Alikuta kifungo. Alikuta jina la mbwa. Siku nyingine alikuta mguu wa marehemu mumewe peke yake, bila mume, akauliza kama aufunike. Mimi nilikuwa namtania ili tusilie wote wawili. Nilimwambia akiendelea kuleta vifungo nitafungua duka la ushonaji. Mwanzoni alikuwa ananijibu, na ulimi alikuwa nao. Aliniambia mumewe angenipenda, kwa sababu naye alikuwa hana kazi ya maana. Baadaye akawa ananiangalia tu akisubiri nimalize.

Halafu ikafika ile siku. Ilikuwa kuamsha kwa ishirini na mbili, mvua inanyesha, bangili ikatetemeka, nikamgusa bega nikamuuliza amekuta nini. Hakufungua macho. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema kwa sauti ya mtoto mdogo, "Mama, niache kidogo tu. Nitakwenda kisimani. Niache kidogo."

Nilitafuta utani. Siku hiyo sikuupata.

Nilimfungua utepe taratibu, nikaufunga kwenye paji langu mwenyewe, nikavuta kilemba juu yake, nikakaa kwenye kiti. Mezani kwa wasimamizi mashine ingeonyesha tu kwamba kuna mtu namba sita, yuko macho, anasinzia kidogo, yuko macho. Bibi Enea aliteremka ngazi zote. Alikoroma, nakwambia, kama mashine ya kusaga ya Kiwira. Saa mbili kamili, halafu akaamka mwenyewe, akakaa kitandani, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Miezi mitano, hakuwahi kuniuliza.

*

Tulifanya hivyo kila mchana. Sasa kitabu kilihitaji majibu, na mwenye majibu alikuwa anakoroma. Kwa hiyo niliyatunga mimi.

Usifikiri nilikuwa na nia mbaya. Niliandika upuuzi kwa makusudi, upuuzi ambao mtu mwenye akili timamu angeutupa, kwa sababu vifungo na mbwa vilikuwa vinatupwa. Niliandika kwamba viazi vimesimama foleni vinaomba ruhusa kwenda haja. Meza ya tafsiri, wale wasomi saba wanaogeuza maneno ya wasinziaji kuwa majaribio, ilikaa kikao cha saa tatu juu ya foleni hiyo, ikatoka na mpango wa kuchimba mitaro. Nilicheka chumbani mpaka nikauma shuka. Bibi hakusikia, alikuwa amelala.

Siku ya tatu jikoni walikuwa wanakaanga dagaa na mimi nilikuwa na njaa. Nilikuwa nawaza samaki wa Kyela, yule wa kukaushwa motoni, mwenye chumvi mpaka masikioni. Nikaandika hivi: "Mbegu imechoka kulia. Ilazwe kwenye moshi siku tatu, iamshwe kwa chumvi." Saa nane na dakika arobaini. Sahihi yangu.

Kisha nikasahau, kwa sababu nilikuwa na jambo zuri zaidi la kuangalia. Bibi Enea alikuwa anarudi. Kila siku akiamka anarudi na kipande cha nafsi yake. Siku ya tano aliuliza ni mwezi gani. Siku ya saba aliniomba udongo, nikamchotea bustanini ndani ya kikombe, akaunusa, akaulamba, akaniambia maneno makali kuhusu mbolea ya Jumba. Siku ya tisa alisema kule chini ameanza kuona shamba la bibi yake. Viazi viko upande mmoja, na kando yake kuna mmea mwingine, mfupi, ambao amewahi kuung'oa maishani kama magugu. Analiona jani. Maua hayaoni bado.

Nilimwambia ajitahidi. Akasema mtu hajitahidi kulala, we mtoto. Ukijitahidi, hulali.

*

Siku ya kumi na mbili, wakati wa chakula cha mchana, nilisoma tangazo kwenye ubao wa korido, nikarudi chumba namba sita.

Bibi Enea alikuwa anakula ugali na mboga, mwenyewe, bila kulishwa. Nilikaa kwenye kiti changu. Nikamwambia kwamba anapongezwa. Akauliza kwa lipi. Nikamweleza tangazo lote: jibu la Bibi Enea Mwakibete limejaribiwa kwenye viazi kumi na viwili, siku tatu moshini, halafu maji ya chumvi, halafu siku tano za kusubiri. Hakuna hata kimoja kilichogeuka maziwa. Magari manne yanaondoka leo saa kumi jioni kupeleka chumvi na mapipa ya moshi vijiji vyote vya juu, na kila nyumba italeta debe lake.

"Mimi sijasema hivyo," alisema.

"Hujasema, Bibi. Nimesema mimi."

Nikamwambia yote. Utepe, kilemba, foleni ya haja, samaki. Nilipofika kwenye samaki alicheka, akacheka kweli, ugali ukamtoka mkononi. Halafu akauliza chumvi kiasi gani. Nilikuwa naijua hesabu, iliandikwa kwenye tangazo. Nikamtajia.

Alisukuma sahani pembeni.

"Haitageuka maziwa," alisema. "Kwani imebaki nini ndani ya kugeuka? Mmeikausha, mmeitia chumvi. Itakaa nzuri hivyo hivyo mpaka siku ya mwisho. Kuota haitaota."

Siku tano wale wasomi saba walitazama kama viazi vinaoza. Hakuna aliyekumbuka kutazama kama vinachipua. Walikuwa wanaharakishwa na mvua, na jibu lilikuwa na jina la Enea juu yake.

Mimi nilianza kubwabwaja. Nilisema labda si wote watakaokubali. Nilisema wakulima wa kwetu wabishi, wengine wataficha. Yeye akaniuliza mama yangu ataficha? Nilimwona mama akiliburuta debe kutoka chini ya kitanda, amevaa ile kanga, anawaambia majirani kwamba dawa imetoka kwenye Jumba analofanya kazi mwanawe. 

Halafu nikasema lile nililokuwa nimelificha. Nikienda kusema, watajua kwamba nimemlaza. Nitafukuzwa, hilo si kitu, nimeshafukuzwa mahali pazuri zaidi ya hapa. Lakini yeye hatapewa mwamshaji mwingine mwenye mkono mlegevu. Watamfungia mashine, ile ya kutikisa kitanda, na mashine haichelewi hata mara moja. Hatalala tena.

"Umebakiza siku ngapi kuona hayo maua?" nilimuuliza.

"Nne. Tano. Sijui, kule hakuna kalenda."

"Nikikaa kimya unazipata. Mbegu ya mwaka huu inakufa, lakini mwakani kuna dawa."

"Mwakani watapanda nini? Maua?"

  Alikuwa anafikiri kama mimi: labda mikoa mingine ina mbegu, labda serikali italeta, labda. Alikuwa mzee wa miaka sabini na sita aliyelala vizuri siku kumi na moja baada ya miezi mitano, na alitaka ya kumi na mbili. Usoni ilionekana. Nilimwomba aamue yeye. Nilimwambia yeye ndiye mwenye akili humu, mimi nina cheti cha kuamsha tu.

"Mimi nimeamuliwa kila kitu hapa, mpaka kupepesa macho," alisema. "Hili nakuachia. Uliliandika wewe." Akavuta shuka, akageukia dirishani kwenye kajua kadogo kalikokuwa kanaingia, akatoa miguu nje ya shuka. "Ila kama unakwenda, Tuse, nenda polepole."

Saa nane na dakika nane nilisikia pumzi yake imebadilika.

*

Kutoka chumba namba sita mpaka ofisi ya Dokta Ngailo, mkuu wa Jumba, ni hatua mia mbili na kumi. Nimezihesabu siku nyingine, kwa uvivu. Magari yalikuwa yanaondoka saa kumi. Kwa hiyo nilikuwa na saa moja na dakika hamsini za kutembea hatua mia mbili na kumi, na kila dakika niliyoipoteza njiani ilikuwa yake.

Nilifunga utepe vizuri kwenye paji langu, chini ya kilemba. Mezani kwa wasimamizi namba sita alionekana yuko macho, na hilo halikuwa kosa, kuna siku msinziaji anakawia kusinzia. Nikaurudisha mlango bila kuubamiza.

Nilianza na Gwamaka, mlinzi wa korido, anayependa kusimulia jino lake. Siku zote namkatisha. Siku hiyo nilimuuliza mwenyewe jino linaendeleaje. Alishangaa, halafu akanionyesha. Nililitazama jino la Gwamaka kwa dakika ishirini na mbili, nikauliza maswali, nikaomba kuona na lile la upande wa pili.

Nikapita jikoni. Mama Atupele, mpishi, alikuwa anachambua mchele, nikakaa chini nikachambua naye sinia zima, punje kwa punje, mpaka akaniuliza kama nimepewa adhabu. Nilimwambia bado. Nikasimama uani nikasoma matangazo yote ubaoni, likiwemo la salamu. Mzee Kajuni alikuwa kwenye benchi lake na mwamshaji wake, kijana mmoja mwenye haya kutoka Busokelo. Bangili yake ilitetemeka nikiwa hapo hapo. Akamgusa mzee bega akauliza swali. Mzee akasema amekuta mlango, akarudi kwenye kizingiti, akaguswa tena, akasema amekuta mlango. Nilisimama nikaona mara tano. Mara ya tano alinyoosha tu mkono kama mtu anayetafuta kitasa.

Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na moja. Nilikuwa nimebakiza hatua kama themanini na karibu nusu saa. Nilikuwa najisifu, nikuambie ukweli. Nilikuwa nimepanga kusimama dirisha la mwisho kufunga kamba za viatu.

Ndipo nikasikia injini.

Nilitazama mlimani. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye chai, na mtu mmoja uani alikuwa anawapigia madereva kelele kwamba wakisubiri saa kumi watakwama kwenye tope la Isongole, waondoke sasa hivi. Gari la kwanza lilikuwa limeshaelekezwa getini. Magunia ya chumvi yamefunikwa turubai la bluu.

Nilikimbia.

*

Dokta Ngailo hakuwa mtu mbaya. Najua ungependa awe, ingekuwa rahisi. Ni mtu wa Njombe, ndugu zake wanalima viazi kama wetu, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya wasinziaji. Niliingia bila kubisha hodi, nikasema azuie magari, mbegu itakufa, lile jibu nimelitunga mimi. Alinitazama. Nikavua kilemba.

Aliuona utepe kwenye paji langu, na sikuhitaji kuongeza neno. Alichukua simu akasema geti lifungwe, hakuna gari linalotoka. Kupitia dirishani niliona gari la kwanza likisimama, pua imeshatoka nje. Akakaa chini. 

"Hebu niambie kuanzia mwanzo, binti," alisema.

Hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Nilianzia mbali. Nilianza na mama na kata ya maji. Nilieleza wiki sita za mafunzo, na mwalimu, na ngazi. Nilieleza foleni ya viazi na kikao cha saa tatu, nikamtajia nani alisema nini. Alinivumilia vizuri. Saa ya ukutani kwake ilikuwa nyuma ya kichwa chake, kwa hiyo nilikuwa naiona mimi na yeye haioni. Saa tisa na dakika arobaini na mbili. Arobaini na tano. Nilikuwa nimefika kwenye samaki, namweleza wanavyokaushwa, kuni gani, pale aliponyoosha kidole kunisimamisha.

Akauliza kama utepe uko kwangu, Bibi Enea yuko wapi.

Nilisema amelala.

Akauliza tangu saa ngapi. Kabla sijajibu akageuka akaitazama saa yake ya ukutani, akaelewa kwamba nilikuwa navuta muda, ingawa jino na mchele sikuwa nimevitaja. Mkono wake ukaenda kwenye kibao cha vitufe. Kila chumba kina kitufe, kengele na kipaza sauti.

"Dokta, mwache amalizie," nilisema. "Dakika kumi na tano. Anaona shamba. Kuna mmea kando ya viazi, ameshaona majani, bado maua. Anasema yuko karibu. Nakuomba."

Nilimwona akisita, na nitamshukuru kwa hilo siku zote. Alisita kama dakika nzima. Halafu akasema kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwa nini dawa ni chungu, "Kama anaona, basi yuko kizingitini. Chini hakuna kuona, binti. Kule chini tunampoteza, na jani lenyewe tutalipoteza. Inabidi nimchukue sasa, akiwa nalo."

Alikuwa anaamini. Alibonyeza namba sita, saa tisa na dakika hamsini.

Tulisikia kengele, halafu shuka. Halafu pumzi ya mtu aliyevutwa kutoka mbali sana, na kitu kama kikombe kikianguka. Sauti yake ilikuja ikiwa kavu.

"Tuse? Umeshafika?"

Nilifungua mdomo, Dokta akanipungia mkono ninyamaze. Akasogea karibu na kipaza sauti, akafungua kitabu, akauliza yeye mwenyewe swali letu lile, taratibu, kwa heshima, akaongeza mama mwishoni.

 Uani madereva walikuwa wanazima injini, moja baada ya nyingine.

"Nilikuwa nimeinama," alisema Bibi Enea. "Nilikuwa ndio nainama kulitazama ua."

Dokta alisubiri sekunde zote nane. Kisha akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno, na saa pembeni.